Tupeane uzoefu: listi yako ya viumbe ulioona kwa macho yako, na yupi umewahi kumkata kwa peni?

Mwenye Daftari

Wakuu habari za humu. Leo tuongelee huu ugonjwa wetu wa listi. Namaanisha ile orodha ya viumbe pori uliowaona wewe mwenyewe maisha yako yote, spishi moja unaiandika mara moja tu, siku ile uliyoiona kwanza, basi. Wengine mnaandika ndege tu, wengine wanyama, kuna mtu namfahamu anaandika vyura peke yake na mkewe kashazoea. Nimeona kila mtu anapenda kusimulia aliyempata, ila ukimuuliza yupi umemkata, yaani umemfuta kwenye listi kwa sababu ulikosea, anaanza kukohoa.

Naanza mimi. Mwaka wa kwanza nilifika ndege 74 na nilikuwa najisikia balaa. Namba 31 mpaka 36 zote zilikuwa vile vindege vya kahawia, michirizi mgongoni, mdomo mnene, kila kimoja nilikiona siku yake na mwanga wake, nafungua kitabu natafuta picha inayokaribia naweka tiki. Sita hao! Sasa asubuhi moja nimekaa chini ya mti wenye viota vya minana, wale ndege wafumaji, dume la njano linaning'inia kichwa chini mlangoni kwa kiota linapigapiga mabawa kama limeshikwa na umeme, anasogea jike kukagua, namwangalia kwa darubini, huyo si namba 33 huyo? Akaingia, akatoka, akavuta jani moja kama anapima, akaenda zake. Ndo nikaelewa majike wa mnana ni wa kahawia, na madume wenyewe wa aina nyingi msimu wa kuzaliana ukiisha wanavua njano yao wanafanana na wake zao. Na mnana nilishamwandika zamani, namba 12. Nikakata zote sita nikarudi 68. Iliuma kweli.

Haya leteni zenu.

Tai wa Mchana

Hahaha hao wa kahawia usiwaguse mkuu. Mimi daftari langu lina ukurasa mzima umeandikwa juu KAHAWIA, hauhesabiwi kwenye chochote, umejaa.

Sikio la Tatu

Yangu ni ya kusikia sio kuona. Kuna yule kekeo mwenye kifua chekundu, mnamjua, sauti tatu zinashuka, anaita kutwa nzima msimu wa mvua lakini umuone sasa, anakaa juu kabisa kwenye majani hatikisiki. Nilimtafuta misimu mitatu. Siku moja alfajiri namsikia karibu kabisa, tena chini, kwenye kichaka! Nikatoa simu nikarekodi, programu ya kutambua sauti ikaniambia kekeo, nikasema leo ndo leo, nikaandika na tarehe na saa na alama ya mshangao.

Jioni nasikiliza ile rekodi vizuri nimevaa hedifoni. Kekeo anaita mara mbili, halafu bila hata kuvuta pumzi anafuata furukombe. Furukombe, tai wa samaki, na maji ya karibu ni kisima! Halafu mluzi, yaani mluzi wa binadamu, kama mtu anamwita mwenzake. Nikakaa chini. Alikuwa kurumbiza, wale wenye kifua cha chungwa, baadhi yao wanaiga kila kinachopita mbele yao. Kinachoniua mbavu ni kwamba yule kekeo ndo huwa anatagia mayai kwenye viota vya kurumbiza na ndugu zake, kwa hiyo jamaa alikuwa anamwimba adui yake na mimi nikamwandika adui. Nilimkata kekeo nikamwandika kurumbiza, kwa hiyo hesabu haikubadilika, ila toka siku hiyo wa kusikia namwekea herufi "s" pembeni mpaka nimuone mdomo unafunguka.

Kinda

@Sikio la Tatu kwa hiyo wa kusikia anahesabika au hahesabiki? Mi mgeni humu.

Sikio la Tatu

Listi ni yako mdogo wangu. Chama cha waangalia ndege cha Marekani sheria zao wanakubali wa kusikia, ila lazima awe hai, awe wa porini na awe huru, sio wa kwenye tundu wala aliyeshikwa mkononi. Bundi wengi humu ni wa kusikia, tusidanganyane.

Shimo la Mhanga

Mimi ni wanyama wanyonyeshao, ndege mnanichosha wanaruka. Jina langu linajieleza. Mhanga, yule mnyama mchimba mashimo, namtafuta mwaka wa 11 huu. Nimeona mashimo yake mengi mpaka nina listi ya mashimo: yaliyohamiwa na ngiri, yaliyohamiwa na nyuki, mengine sijui nani yumo na sikutaka kujua. Ana kawaida ya kutoka usiku kula mchwa na siafu, nimekesha, nimeona kila mtu isipokuwa mwenye nyumba.

Kuhusu kukata, mimi nimekatiwa na nimeongezewa bila kutoka kitandani. Mwaka 2025 IUCN, lile shirika la kimataifa la uhifadhi, wakatangaza kwamba twiga sio spishi moja, ni 4: wa kaskazini, wa kusini, wa Kimasai, na yule mwenye madoa yaliyochorwa mistari meupe kama vigae vya sakafuni. Mimi nilikuwa nimeandika "Twiga" na tiki moja kubwa. Ilibidi nirudi kwenye picha za zamani zile za kamera ya kwanza, nakuza natazama ubavu tu. Picha moja madoa yamechanika pembeni kama majani yaliyoliwa na mdudu, huyo Mmasai hana ubishi. Nyingine ya miaka sita baadaye, kingo zimenyooka safi, vigae vitupu. Nikapata twiga wa pili saa nne usiku nimevaa kandambili. Furaha niliyopata sijui nimweleze nani, mke wangu kaniuliza kwani huyo twiga yuko wapi.

Ila tembo walinibania, 2021 hao hao IUCN waliwatenganisha tembo wa savana na wa msituni, nikakimbilia picha, masikio mapana wote, meno yamepinda kwenda mbele wote. Savana watupu. Wa msituni meno yake yamenyooka yanaelekea chini na masikio ni ya mviringo, mkimpata mniambie anakaaje kaaje.

FUNDISHO kwa Kinda: usiandike jina tu. Andika ulimwona wapi, siku gani, na alikuwaje. Majina yanahama, maelezo yako hayahami.

Mama Vipepeo

Nakazia hapo kwa kaka wa mashimo. Mimi wadudu, na kwenye wadudu usipokuwa na picha huna kitu. Natumia iNaturalist, ile iliyoanza 2008 kama mradi wa wanafunzi wa chuo cha Berkeley. Unapandisha picha, watu wanakuja kutaja jina, zaidi ya theluthi mbili wakikubaliana na picha ina tarehe na mahali ndo inapandishwa daraja kuwa ya kutumika kwenye utafiti.

Sasa nina kipepeo mmoja mdogo wa bluu, alitua kwenye tope mlangoni kwangu, anafyonza maji na ulimi wake ule kama waya. Nikampiga picha 14 za juu. Nikaandika jina kwa kujiamini kabisa. Akaja mtu mmoja, wala hajanitukana, kaandika tu "tunaomba picha ya chini ya bawa". Chini ya bawa! Kumbe hao wa bluu wengi juu wanafanana, vitambulisho vyao viko chini, vidoa na vimstari, na mimi picha zote 14 ni mgongo. Nikamfuta. Nilirudi kwenye lile tope siku tisa mfululizo saa ileile, wakatua wengine, sijui kama ni yeye, hapo ndo mjue nilivyo mkweli, nimemwandika yule wa siku ya tisa sio wa siku ya kwanza.

Na jamani, ukimpandisha kiumbe adimu ficha mahali. Mtandao wenyewe unaficha kwa spishi nyingi zilizo hatarini, lakini picha yako ina jengo nyuma, ina kibao, mtu anasoma. Kiota cha bundi ukikitangaza wiki ijayo kuna watu 20 wanammulika tochi.

Mpita Njia

Samahani wakuu naomba kuuliza bila kejeli. Faida yake nini? Ukishaandika 500 unapewa nini?

Tai wa Mchana

Unapewa hamu ya 501.

Bi Korongo

Mpita Njia karibu. Kuna mama mmoja wa Marekani, Phoebe Snetsinger, mwaka 1981 aliambiwa ana saratani ya ngozi na kwamba hatamaliza mwaka. Akafunga mabegi akaenda kuangalia ndege. Akarudi, akaenda tena. Aliishi miaka 18, mwaka 1995 akavuka spishi 8,000, mtu wa kwanza duniani kufika huko, na 1999 akafariki kwa ajali ya gari huko Madagascar akiwa safarini kwenye mambo hayohayo. Kadi zake za kumbukumbu zilikuwa nadhifu hatari.

Sasa sisemi ndege wanatibu, na familia yake ilimkosa sana nyumbani, hilo nalo liwekwe. Mimi mwenyewe nina ndege 212 na sina mpango wa kupanda ndege ya chuma kumfuata wa 213. Kuna bwana mwingine, Peter Kaestner, 2024 kafika 10,000 wakati ndege wote duniani ni kama 11,000. Mwache. Mimi nikiugua nafungua dirisha.

Mpita Njia

Sawa mama nimeelewa. Kuna yule mweusi anayeng'aa bluu jua likimpiga, ana jicho la njano, anakaa karibu na dampo. Anaitwa nani?

Bi Korongo

Kwezi. Wako aina nyingi, angalia jicho vizuri ni njano ya chungwa au nyeupenyeupe, na tumbo lake. Ndo umeshaanza hivyo, pole.

Kalamu ya Risasi

Mimi sikukata, nilikatiwa. Daftari langu la kwanza, miaka saba ya kazi, niliweka kwenye boksi chini ya kitanda. Nimekuja kulitoa naona jalada zima, nafungua ndani hamna kitu, udongo mkavu na njia njia. Mchwa wamekula kuanzia ukurasa wa kwanza mpaka 140 na wakaacha jalada kwa heshima. Nilikaa sakafuni kama mtu aliyefiwa. Halafu nikachukua daftari jipya nikaandika namba 1: mchwa.

Siku hizi naandika kwa mkono halafu nagonga kwenye eBird jioni, ile ya mtandaoni ya kuandikia ndege uliowaona. Spishi nyingi nilizikumbuka ila tarehe zimekwenda, na kuna kama 20 ambazo sina uhakika niliona kweli au niliona kwenye kitabu, akili inachanganya mtu. Hao nimewaacha nje. Mmoja nilimwona tena mwaka jana nikajikuta napiga kelele kama mara ya kwanza, kwa hiyo na mchwa nao wana mchango wao.

Shimo la Mhanga

Mchwa spishi gani? Toa picha ya askari wao, kichwa na meno.

Kalamu ya Risasi

Mkuu nilikuwa nalia.

Babu wa Chozi

Vijana nawasoma, shikamooni hamnipi lakini sawa tu. Mimi nimeandika tangu kabla hamjazaliwa na nina swali ambalo nimekosa wa kumuuliza.

Masikio yangu yameanza kuondoka kwa juu. Njiwa namsikia, dudumizi namsikia vizuri kabisa, lakini wale wa sauti nyembamba, chozi, wale ndege wadogo wanaofyonza maua, na vile vindege vya kwenye nyasi ndefu, wamenyamaza. Mwanzo nilidhani wamepungua nikawa nasikitika na kuilaumu dunia, mpaka siku nimekaa barazani na mjukuu wangu wa miaka minane anasema babu mbona huyu ana kelele. Nani? Huyo hapo! Namwangalia mdomo unafunguka, koo linatetemeka, kifua kinang'aa chekundu kama kaa la moto, na kwangu kimya kabisa.

Sasa wiki iliyopita mjukuu kasema kuna anayelia tss-tss-tss kwenye nyasi, mimi sikusikia, nikamwambia nionyeshe, akanielekeza kwa kidole mpaka nikamuona kwa darubini. Kamkia na kichwa tu, ndege mpya, sina kabisa. Bila yule mtoto ningepita. Na kwa mkia na kichwa peke yake hao hawatofautishiki, wanatofautishwa kwa sauti, na sauti kasikia yeye. Nimwandike au nisimwandike?

Mwenye Daftari

Shikamoo babu, tusamehe. Hii ngumu. Umemuona wewe, kamsikia yeye, mmepata nusu nusu.

Sikio la Tatu

Shikamoo mzee. Mpe mjukuu simu arekodi. Kuna programu zinachora sauti kama picha, utaona mistari na urefu wake hata kama husikii, unalinganisha na michoro ya spishi nyingine. Hapo utakuwa umeisoma sauti kwa macho yako mwenyewe, mimi ningeandika kwa roho safi. Ila arekodi mara nyingi, asije akawa kurumbiza.

Mama Vipepeo

Na mjukuu naye afunguliwe daftari lake babu, huyo ndege kwake ni namba ngapi?

Babu wa Chozi

Marahaba wanangu. Analo tayari, amelianzisha juzi kwa nyuma ya daftari la hesabu. Ana wanne. Kunguru, kuku wa jirani, huyo wa nyasini ameandika "tss", na popo. Nimemwambia kuku hahesabiki hayuko porini, amekataa kumkata, anasema alimuona porini.