Natengeneza mchezo wa vita ya Kahe 1916, ramani imenishinda. Wanaojua ardhi naombeni msaada

Korongo Kavu (Moshi)

Wakuu, habari za jioni. Mimi na washkaji watatu tunacheza michezo ya vita ya mezani, ile ya vipande vya kadibodi na dadu, siyo ya kwenye simu. Tumechoka kupigania misitu ya Ulaya ambayo hakuna aliyewahi kuikanyaga, nikasema tutengeneze wa kwetu: mapigano ya Kahe, Machi 1916. Jenerali Smuts wa Waingereza kashaingia Moshi, Lettow-Vorbeck wa Wajerumani kajipanga kule chini nyuma ya mito, reli ya kwenda Tanga iko mgongoni mwake. Uwanja wenyewe naufikia kwa bodaboda.

Kanuni zimekubali. Ramani ndiyo inaninyima usingizi. Nilipakua data za mwinuko zilizopimwa kwa rada kutoka angani, nikaziingiza QGIS (programu ya kuchora ramani), nikakata eneo la kilomita 12 kwa 8. Kwa kutaka uhalisia nikaligawa kwa pembesita (vyumba vya pembe sita vya kutembezea vipande) za mita 100. Zimetoka karatasi za A4 zaidi ya 70, dada wa steshenari akaniuliza kama nabandika ukutani. Nilizitandaza kwenye meza ya mama mkwe zikaning'inia hadi sakafuni. Kipande kimoja ni kombania nzima, na kikitembea barabarani tunahesabu "moja, mbili, tatu" hadi thelathini. Zamu ya kwanza imekula dakika 50.

La pili, kote ni bapa. Kontua (mistari ya mwinuko) za kila mita 20 zinapita chache mno, utadhani tunapigania uwanja wa mpira. Isipokuwa sehemu moja, kuna tuta refu jembamba linalojipinda sambamba na mto. Washkaji wote wanataka kuweka rashasha pale juu. Nimekwenda Jumapili, nimezunguka saa mbili, tuta sijaliona.

Pembesita iwe na ukubwa gani, na ardhi ya namna hii inachorwaje?

Mla Mbege

Watu tunatafuta mtaji wa kuku wa mayai, wewe unatafuta tuta. Ngoja nikae siti ya mbele.

Pembesita wa Sakina (Arusha)

Mkuu, umeanzia mkiani. Ukubwa wa pembesita hauamuliwi na ramani, unaamuliwa na kipande na zamu. Kombania ya wakati ule ilikuwa na watu kama 150 hadi 200. Ikitandazwa vichakani na ulinzi wake wa pembeni, haikai ndani ya mita 100 hata uifinye. Kila pembesita ipe mita 500. Kilomita 12 kwa 8 zinakuwa pembesita 24 kwa 16, yaani 384 badala ya 9,600 zako. Ukichora kila moja kwa sentimita 2.4, uwanja wote unaenea kwenye karatasi mbili za A3, na mama mkwe anarudishiwa meza yake.

Zamu iwe saa moja. Askari wa miguu akifuata reli au barabara anapita pembesita sita, vichakani mbili, na akikuta upinzani hata moja aitolee jasho.

Mito usiichore katikati ya pembesita. Ipitishe kwenye kingo, kati ya moja na nyingine. Mto ukiwa ndani, mchezaji atakuuliza: askari wangu yuko ng'ambo hii au ile? Utakosa jibu na ugomvi utaanza. Ukiwa kwenye ukingo, swali ni moja tu: unavuka au huvuki.

Mpimaji Mstaafu (Moshi)

Kijana, hilo tuta ni miti.

Rada iliyopima ilirushwa na chombo cha anga Februari 2000, na haikupima udongo kila mahali. Kwenye msitu mnene mawimbi yanarudi kabla hayajafika chini, kwa hiyo mwinuko unaoupata uko karibu na vilele. Ukanda wa msitu kandokando ya mto, katikati ya tambarare, unatokea kwenye kompyuta kama tuta refu linaloufuata mto. Washkaji zako wanataka kupandisha rashasha juu ya mikuyu.

Ubaya wake ni kwamba data hiyohiyo imekuficha kitu cha kweli. Kila kipimo chake kinachukua eneo la mita 30 kwa 30. Mto wenye upana wa mita 10 na kingo za kusimama wima unamezwa mle ndani kama haupo. Kontua ya mita 20 nayo haiwezi kuona ukingo wa mita tatu. Lakini mtu mwenye bunduki, mkoba na viatu vilivyojaa maji, ukingo wa mita tatu kwake ni ukuta. Nimepima huku nikiwa na mnyororo na vijana wanne. Kilima tulikipanda tukiongea, korongo lilitukalisha tukitafuta pa kushukia hadi jua likazama.

Kwa hiyo urefu usikusumbue. Kahe panamhukumu mtu kwa mambo mawili: anavukia wapi, na anaona umbali gani. Chora hayo. Kontua iache, isipokuwa Kilima cha Kahe, hicho kinastahili rangi yake.

Korongo Kavu

Shikamoo mzee. Nimecheka peke yangu, mke wangu kaja kuangalia kuna nini. Mikuyu!

Mpimaji Mstaafu

Marahaba.

Binti Rau (Moshi)

Naongezea. Picha ya setelaiti ya leo itakudanganya kwa vilivyoongezeka. Bwawa la Nyumba ya Mungu ni la miaka ya 1960, futa. Majaruba ya mpunga ya Chekereni na Mabogini ni ya mradi wa miaka ya 1980, futa. Mashamba ya miwa ya TPC pia, 1916 hayakuwepo. Na reli: leo Kahe ni njia panda, lakini ile inayotoka Voi kupitia Taveta ilikuwa haijafika pale wakati wa mapigano. Ukiiacha kwenye ramani, mchezaji wa Smuts atapata treni ya bure kabisa.

Majina ya mito kwenye taarifa za Waingereza yaliandikwa kwa kusikia. Mito ya Soko Nassai na Defu ndiyo iliyombana Sheppard, kamanda wa upande wa Smuts, kushoto na kulia tarehe 21 alipokuwa akishuka kutoka kaskazini. Usitafute tahajia hizo kwenye ramani ya simu, waulize wazee wa palepale.

Pembesita wa Sakina

Hapo ndipo mchezo wenyewe ulipo. Sheppard anasukuma kati ya mito miwili kwenye vichaka, haoni mbele, hawezi kupanuka. Van Deventer, mwenzake wa upande wa Smuts, na farasi wake anazunguka magharibi na kukamata Kilima cha Kahe. Ramani yako ikifanya njia zote mbili zilingane, hakuna atakayezunguka. Punguza pembesita za kuvukia ziwe chache za kuhesabika. Hata ukizikuza kidogo kuliko hali halisi, sawa tu. Hii si hati ya kiwanja.

Mpimaji Mstaafu

Kukuza, sawa. Kubuni kivuko, hapana.

Mla Mbege

Na wapagazi je? Hao babu zetu waliobeba mizigo nao wana kipande, au chakula kinatembea chenyewe?

Korongo Kavu

Mkuu wa mbege umenigusa. Hawakuwepo, sasa nawaweka. Kipande bila wapagazi nyuma yake zamu mbili, hakisogei.

Mrejesho wa jana. Nimekwenda na shemeji, kavaa fulana nyekundu. Kwenye kichaka karibu na mto nilimwambia atembee akihesabu kwa sauti. Hatua ya 38 nikawa namsikia tu, simwoni. Nilipotoka penye malisho ya ng'ombe nilimwona hadi nikachoka kusubiri. Najua kichaka cha leo si cha 1916, lakini nimefuta "pori" moja nililokuwa nalo na kuweka mawili: la wazi, unaona pembesita mbili, la mtoni, unaona iliyo jirani tu, na vipande vinakaa kifudifudi hadi viguswe. Mzinga wa meli ya Königsberg waliokuwa nao Wajerumani unafika mbali, ila sasa lazima awepo mtu wa kuuelekeza, na washkaji wameanza kukigombania Kilima cha Kahe bila mimi kusema neno.

Kilichobaki ni vivuko. Nimeona viwili, vyote njia za ng'ombe. Mzee, kama miguu inaruhusu, Jumamosi ungekuwa na nafasi tukatafute cha tatu?

Mpimaji Mstaafu

Jumamosi nina msiba Uru. Jumapili baada ya misa ya kwanza. Shemeji aje na fulana yake, na wewe uje na buti. Ukija na ndala nakurudisha.