Naomba ushauri: Sikukuu ya Shukrani ukweni, niende na chapati au niende mikono mitupu?

Mwana wa Nakuru: Hamjambo, ndugu zangu. Ninaishi Cedar Rapids, jimbo la Iowa, Marekani, na Alhamisi ya mwisho ya Novemba nimealikwa kwa mara ya kwanza kula chakula cha Sikukuu ya Shukrani kwa wazazi wa mchumba wangu, wenye shamba nje kidogo ya mji wa Decorah, mwendo wa saa mbili hivi kwa gari kutoka hapa. Tutakuwa watu kumi na wanane. Ukoo wao una asili ya Norwe, na mezani, pamoja na bata mzinga, viazi vya kuponda na pai ya maboga, hapakosi lefse, yaani mkate mwembamba wa viazi unaosukumwa na kuchomwa juu ya chuma kikavu. Picha niliyoonyeshwa ni chapati kabisa, ila wao huipaka siagi, wakainyunyizia sukari na kuiviringisha. Nimefikiria kupika chapati thelathini, lakini naogopa mama mkwe ataona ninashindana naye. Ni wiki mbili sasa sipati usingizi.

Mama Hotipoti: Mwanangu, pika. Zisukume usiku wa Jumatano, uzifunge kwa kitambaa cha pamba, kisha uzitie katika hotipoti kubwa, na hata baada ya safari ya saa mbili utazifungua zikiwa laini. Usimwambie mama wa watu kwamba chapati ni lefse ya Kenya. Mwache auone mwenyewe ufanano huo, na atafurahi zaidi.

Shangazi wa Milwaukee: Chapati hazina shida, shida ni huyo ndege. Mwaka wangu wa kwanza huku nilijitolea kumpika bata mzinga wa kilo tisa, nikamtoa kwenye friza Jumanne usiku nikidhani siku moja na nusu inatosha. Alhamisi asubuhi nilitia mkono tumboni nikakuta barafu tupu, na kile kifuko cha shingo, maini na firigisi kimegandia humo ndani. Wageni walikula saa mbili usiku. Ndege wa namna hiyo hukaa kwenye friji siku nzima kwa kila kilo mbili hivi, na asitolewe ovenini kabla nyama ya ndani haijafika nyuzi 74 za Selsiasi.

Mwana wa Nakuru: Ahsante, shangazi, lakini bata mzinga ni kazi ya baba mkwe.

Mzee Kinyanjui: Kijana, nimekusoma mara mbili. Unasema mchumba, halafu unasema mama mkwe na baba mkwe kwa wepesi wa mtu aliyekwisha kuoa, na sijapata kuona mwanamume akikosa usingizi wiki mbili kwa sababu ya chapati. Tueleze lililopo.

Mwana wa Nakuru: Mzee wangu, nakuheshimu, kwa hiyo nitasema. Sisi tumekwisha kufunga ndoa. Tulifunga katika mahakama ya kaunti mwezi wa Septemba, kwao hawajui, na mama yangu aliyeko Nakuru hajui. Mke wangu ameniambia kwamba kwao, kabla ya kula, kila mtu mezani hutaja jambo moja analolishukuru mwaka huo, na tumeona hapo ndipo pa kusema. Naamini ni nafasi nzuri, kwa sababu watu wote watakuwa wamekaa pamoja na mioyo yao imelainika. Hatukufanya kwa dharau. Tulikuwa na sababu zetu, na tukisubiri arusi kubwa tutasubiri miaka mitatu.

Mama Hotipoti: Mungu wangu. Na mimi nakufundisha kufunga chapati!

Mzee Kinyanjui: Umechukua binti wa watu bila salamu, na umemnyima mama yako siku ambayo ameiombea tangu ulipozaliwa. Mahari si bei, ni adabu ya kubisha hodi. Mpigie mama yako kwanza, leo hii. Mtakapokuwa mezani saa saba mchana, Nakuru itakuwa saa nne usiku, naye atakuwa amelala bila kujua kwamba wageni wa Norwe wanapewa habari za mwanawe kabla yake.

Dada wa Plymouth: Naomba niseme neno kuhusu siku yenyewe, kwani ninaishi karibu na ule mji wa Plymouth, Massachusetts, ambako inasimuliwa kwamba wahamiaji Waingereza walikula pamoja na Wawampanoag, wenyeji wa asili wa eneo hili, mwaka 1621. Tangu 1970 wenyeji wa asili hukusanyika hapa siku hiyohiyo kuadhimisha siku ya maombolezo, kwa maana meza ile haikuwazuia wageni kuichukua ardhi yao. Ninakwenda kusimama nao kila mwaka. Kwa hiyo, ndugu, usidhani kila mtu anayekaa mezani siku hiyo moyo wake umelainika. Mama atakayesikia habari kama hiyo mbele ya watu kumi na wanane, sahani ikiwa mkononi, hana hata pa kwenda kulilia.

Mchambuzi: Samahanini, mimi siamini kisa hiki. Kwanza, mkaazi wa Marekani hasemi Alhamisi ya mwisho. Rais Lincoln alitangaza Alhamisi ya mwisho mwaka 1863, lakini sheria ya 1941 iliiweka Alhamisi ya nne, na mwaka 2023 tulisherehekea tarehe 23 ilhali tarehe 30 nayo ilikuwa Alhamisi. Pili, Iowa kibali cha ndoa husubiriwa siku tatu, na siku ya kufunga lazima wawepo mashahidi wawili. Taja siku mlizokwenda na mashahidi walikuwa nani, bila majina.

Shangazi wa Milwaukee: Hata mimi nimeanza kujiuliza.

Mwana wa Nakuru: Nilikosea kuhusu Alhamisi, nimefika huku miaka miwili tu iliyopita. Kibali tulikiomba Jumatatu, tukarudi mahakamani Ijumaa. Nilivaa shati jeupe ambalo mama alinipa uwanja wa ndege wa Nairobi, na kola yake ilikuwa bado na mkunjo wa sandukuni. Shahidi mmoja alikuwa mfanyakazi mwenzangu. Wa pili alikuwa shemeji yangu, mdogo wa mke wangu.

Mchambuzi: Nimekuamini, na nakuomba radhi.

Mama Hotipoti: Kumbe mdogo wake anajua! Basi hapo ndipo panapouma, mwanangu. Mama huyo akisikia mezani ataanza kutazama uso wa kila mtu, na atakapofika kwa mwanawe wa kiume atajua kwamba nyumba nzima ilimficha. Mwambieni kabla, ninyi wawili, kwa sauti zenu.

Mwana wa Nakuru: Sikuwa nimelifikiria hilo la shemeji. Nilikuwa nimeng'ang'ania meza kwa sababu niliogopa kuwa peke yangu nao.

Mwana wa Nakuru: Narudi kuwapa habari. Jumamosi nilimpigia mama. Alilia, kisha akataka kuongea na mkwewe, wakaongea dakika arobaini, ingawa Kiingereza cha mama ni kidogo na Kiswahili cha mke wangu ni salamu tu. Jana jioni tulipiga Decorah. Mama mkwe aliuliza mambo mawili, ilikuwa siku gani na nani alisimama nanyi, na mke wangu alipomtaja mdogo wake simu ilikaa kimya muda mrefu. Baadaye baba mkwe akaichukua. Hakugusia ndoa. Alisema tuje Jumatano badala ya Alhamisi, na tuondoke mapema ili tufike kabla ya giza, kwa sababu mwezi huu paa wanavuka sana barabara.

Mama Hotipoti: Chapati zipike Jumanne, basi.