Nusu eka Lushoto: mbuzi chotara wa maziwa wawili au wa kienyeji sita?

KijanaWaUsambara
Habari wakuu. Nina nusu eka ya mteremko, sehemu kubwa kahawa na migomba. Akiba yangu inatosha majike wawili chotara wa maziwa, au sita wa kienyeji. Nyumbani kuna watoto wa kunywa maziwa, ila ada ya Januari nayo haisubiri. Mngekuwa nyie?

MamaPacha
Maziwa, mdogo wangu. Mimi niko Mgeta, huku mbuzi wa Norway waliletwa miaka ya 1980 kupitia SUA, kile chuo kikuu cha kilimo cha Sokoine, tumeshawazoea. Wangu akiwa amezaa karibuni, asubuhi na jioni napata lita mbili. Wa kienyeji akikupa kikombe, mwanawe anakidai. Lakini utakata majani kila siku, uumwe au mvua inyeshe. Na yasiwe na umande! Mmoja alinivimba ubavu wa kushoto ukawa kama ngoma. Usiku kucha namtembeza, namsugua tumbo. Alfajiri alipocheua nililia.

BeberuMpole
Dada kasahau habari ya beberu. Ukimweka karibu na wanaokamuliwa, hadi chai inanuka beberu. Usipokuwa naye, jike akiingia kwenye joto unamkokota mpaka kijiji cha pili, na ukichelewa unasubiri wiki tatu nyingine. Mimi nilichoka, nikauza. Sasa nina wa kienyeji, wanajitafutia porini, Iddi ikikaribia wanunuzi wanabisha hodi wenyewe.

MamaPacha
Wewe una pori, kaka. Yeye ana kahawa ya jirani. Sita wakikata kamba, kila wiki atakuwa kwa mwenyekiti wa kitongoji.

MkambaWaGalla
Huku Makueni tunafuga mbuzi aina ya Galla, na siwezi kumbadilisha. Lakini huyo ni wa nchi kavu, usimpandishe mlimani kwa sababu mimi nimemsifu. Yeyote utakayemchagua, banda liinuke juu ya nguzo, sakafu iwe ya fito zilizoachana kidogo, samadi idondoke chini. Kwato zikikaa kwenye tope zinaoza. Hiyo samadi weka kwa kahawa.

KijanaWaUsambara
Mama watoto anasema chotara mmoja mwenye mimba, na wa kienyeji wawili wa kufunga kamba. Sasa hiyo mimba nitajuaje muuzaji hanidanganyi?

MamaPacha
Muulize alipandishwa lini, uhesabu miezi mitano. Kisha mshike kiwele. Akikwambia yuko karibu kuzaa na kiwele kimelegea kama soksi tupu, rudi nyumbani na hela yako.