Naomba ushauri: dadu au pointi kwenye gemu yetu?

Wakuu habari zenu, niko hapa Arua, na wenzangu tunatengeneza gemu ya mezani ya kuigiza wahusika kwa Kiswahili, sasa tumekwama kwenye uwezo wa mhusika. Dungeons & Dragons ya 1974, ile gemu waliyoitunga Gary Gygax na Dave Arneson, ilianza na sifa sita, yaani nguvu, akili, hekima, uimara wa mwili, wepesi na mvuto, kila moja unarusha dadu tatu unajumlisha, na ukipiga hesabu 18 inatoka kwa wastani mara moja katika 216, zinazotoka sana ni 10 na 11, mimi hiyo naipenda kwa sababu ndo watu tulivyo.

Shida Jumamosi dogo mmoja karusha nguvu kapata 4, akanyamaza kabisa mpaka chapati ikapoa mkononi, iliniuma sana. Mwenzangu anataka kila mtu apewe pointi azigawe mwenyewe kwenye sifa, bila dadu, kama gemu ya Champions ya 1981.

Halafu mvuto, kule mwanzo ulikuwa unapanga unaweza kuajiri wasaidizi wangapi, sisi tuutumie kwa nini hasa?

Mliowahi kuchezesha vijana wageni mlianza na ipi? Na huyu dogo nimruhusu arushe tena?