Tupeane uzoefu: pedali ya distoshoni ulipiga wapi, na ililiaje?

Yambo yenu, wapiga gitaa wa Lubumbashi. Kila mtu aweke jina la komini yake mbele (Kenya ni komini ya hapa, si nchi). Nimepata Boss DS-1 iliyotumika, kiboksi cha kukanyaga kinachokwaruza sauti ya gitaa, ile ya rangi ya machungwa iliyoanza kuuzwa 1978. Butoni tatu tu za kuzungusha: tone (ukali wa sauti), level (nguvu ya sauti) na dist (wingi wa mkwaruzo). Nyumbani kwenye ampli yangu ndogo inanguruma vizuri. Jumapili nikaichomeka moja kwa moja kwenye mikisa ya kanisa, ile mashine ya kuchanganya sauti, ikalia kama nyuki ndani ya debe. Mama wa korali akageuka kunitazama. Kosa ni langu ama la pedali? Leteni yenu.

KATUBA: Pedali haina kosa, mdogo wangu. Spika ya ampli ya gitaa haifiki sauti kali za juu kabisa, ndiyo maana mkwaruzo unatoka mnene. Mikisa inazipeleka zote hadi spika kubwa. Mimi naficha ampli ndogo nyuma ya pazia na kuisogezea maikrofoni. Huna ampli? Shusha tone karibu na sifuri.

KAMALONDO: Mimi niliijaribu kwenye sebene, ile sehemu ya wimbo ya kuchezesha watu kwa gitaa, dist imejaa. Aibu! Solo yetu inatembea kwa nyuzi mbili pamoja, noti na ya tatu yake. Pedali ikizikata vichwa vya mawimbi yake zinazaa sauti nyingine katikati, zote zinakuwa uji. Wenzangu wanaendelea, mimi natafuta noti zangu. Siku hizi dist naiacha robo au chini yake, level juu, na solo inapita mbele ya ngoma ikiwa safi. Ukitaka kujaza kabisa, piga okteva, ama noti na ya tano yake, hizo zinavumilia. Halafu kuna volyumu ya gitaa lenyewe: ipunguze, mkwaruzo unalala, ifungue, unaamka. Naweza kumaliza wimbo mzima bila kukanyaga kitu.

KAMPEMBA: Niliiazima kwa gitaa la besi. Uzito wote wa chini ukapotea. Nikairudisha siku ile ile.

KENYA: Yangu ni ya batri. Jumamosi mazoezi, jeki ya waya wa gitaa nikaiacha ndani ya pedali usiku kucha. Asubuhi wimbo wa kwanza, pedali ikaanza kukohoa, kisha kimya. Nikakanyaga nizime nipige bila mkwaruzo, wapi! Hizi za Boss batri ikikufa hata sauti safi haipiti. Kumbe jeki ikiwa ndani ya tundu la kuingizia ndiyo inawasha batri, taa iwake isiwake.

RUASHI: Mkwaruzo mnauogopea nini? Bendi ya Konono N°1 ya Kinshasa ilizunguka Ulaya na likembe (vinanda vidogo vya kupiga kwa vidole gumba) zinazokwaruza kwa vifaa vya kujitengenezea.

Narudi mwenye mada: Yaya wa Katuba, aksanti. Leo ampli nyuma ya pazia, maikrofoni mbele, dist robo. Mama wa korali hakugeuka. Ila wewe wa Kenya umenishtua, jeki nimeiacha ndani. Ngoja nirudi kanisani kabla mlinzi hajafunga.