Parachuti ya kuangusha mzigo: duara, msalaba au ya pete? Ikifunguka inapiga, ikishuka inabembea

Mzigo_Ziwani:
Wakuu habari za jioni. Tuko Mwanza, tuna droni ya mabawa tunaifanyia majaribio ya kuangusha boksi, kwa sasa ndani ni mchanga na chupa za maji tu, jumla kilo 2.5, boksi lenyewe sentimita 30 kwa 25. Droni inapita mita 25 kwa sekunde, kimo kama mita 80. Parachuti ni duara bapa kipenyo mita 1.8, kitambaa cha mwavuli wa mvua, kamba nane za Dyneema (nyuzi ngumu za plastiki), na katundu kadogo utosini.

Spidi ya kushuka sina neno nayo, karibu mita 5 kwa sekunde. Tabu ni kwamba ikifunguka inapiga haswa, imeshang'oa mishono ya kamba mbili na kona ya boksi ikapasuka hukohuko juu. Halafu ikishatulia boksi linabembea kulia kushoto mpaka chini, linatua kwa kona. Nimesikia mengi, wengine wanasema ongeza tundu, wengine shona ya msalaba, wengine ile ya pete kadhaa za kitambaa zenye nafasi kati yake, wengine baki na duara hilohilo weka slaida. Bajeti ndogo, fundi wangu ana cherehani ya kawaida. Mngekuwa nyie mngeanza na ipi?

Chapati_Mbili:
Naweka kiti hapa mbele nisubiri wataalamu.

Hesabu_Kwanza:
Mkuu umeuliza swali moja kumbe ni mawili. Kupiga ni suala la inavyofunguka, kubembea ni suala la hewa iliyonasa ndani inatokea wapi. Tuanze na kupiga.

Mwanza mko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, hewa yenu ni kama kilo 1.1 kwa mita ya ujazo, ya Dar ni 1.2 na ushee. Kwa mita 25 kwa sekunde msukumo wa hewa unakuja kama nyutoni 344 kwa kila mita ya mraba. Duara lako lina mita za mraba 2.54, mgawo wa ukinzani (namba ya jinsi umbo linavyokinza hewa) chukua 0.75, hapo ni kama nyutoni 650. Sasa duara bapa linapojaa ghafla nguvu huwa inaruka juu ya hapo, unazidisha kwa 1.7, unafika nyutoni 1,100. Boksi lako uzito wake ni nyutoni 25 tu! Kiuhalisia hutaiona hiyo 1,100 yote kwa sababu mzigo mwepesi unapunguzwa mwendo wakati kitambaa bado kinajaa, ila hicho ndo kikomo, mishono pimia hapo.

Kabla hujabadilisha umbo lolote, angalia spidi, maana nguvu inakwenda na mraba wa spidi. Ukichelewesha kufunguka sekunde moja hivi, boksi pana namna hiyo linakuwa limeshapoteza sehemu ya mwendo wa kwenda mbele na wa kwenda chini bado haujakua sana, kwa jumla liko kama mita 19 kwa sekunde, mshtuko umepungua asilimia 40 na umelipa mita 5 tu za kimo. Sekunde tatu nne hazikuongezei kitu, hapo linakuwa limeshachukua kasi ya kwenda chini. Kakamba ka mita kadhaa kanakovuta pini kutoka kwenye droni au taima ya bei rahisi vyote vinafanya hiyo kazi.

Mruka_Diani:
Hesabu_Kwanza ameongea poa lakini amesahau kuuliza swali ambalo mimi ningeuliza kwanza. @Mzigo_Ziwani unaikunja aje? Maana mimi niko pwani huku Kenya, kazi yangu ni kukunja parachuti za watu wanaoruka, na naona kama yako inamwagika tu ikitoka boksini, kitambaa kinashika upepo kabla kamba hazijanyooka. Hiyo ndio inauma zaidi, kwa sababu kitambaa kinaanza kusimama hewani na boksi bado linakimbia, halafu kamba zinanyooka kwa kishindo.

Inafaa kamba zitoke kwanza zote zinyooke, halafu ndio kitambaa kitoke kwa mfuko wake. Shona kamfuko karefu kama soksi, kitambaa kiingie kikiwa kimekunjwa kwa urefu, mdomo wa mfuko ufungwe na kamba zenyewe zikiwa zimekunjwa kwa raba. Raba ya mwisho ikiachia ndio mdomo unafunguka. Ukifanya hiyo peke yake utaona tofauti kubwa na hujanunua kitu.

Slaida nayo, kwa wale hawaijui, ni kipande cha kitambaa chenye matundu kwa kona, kamba zinapita hapo. Inakaa juu kabisa karibu na pindo, kwa hivyo pindo haliwezi kutanuka mbio, upepo unaisukuma ije chini polepole na mwamvuli unafunguka ukiifuata. Zile za mraba za kuruka, ambazo msingi wake ni wa Domina Jalbert miaka ya 60, zilikuwa zinapiga watu vibaya mpaka slaida ikaingia miaka ya 70. Kwa duara dogo la kamba nane unaweza tumia pete nyepesi tu, lakini usiifanye kubwa sana, ikiwa kubwa na spidi ni ndogo itakwama juu na boksi litakuja chini kama jiwe.

Mzigo_Ziwani:
@Mruka_Diani umenipata hapohapo, tunaikunja kama shuka na kuiweka juu ya boksi 😅 Soksi nimeielewa. Na hizi Dyneema je? Jamaa aliniuzia akasema hazikatiki.

Mruka_Diani:
Hazikatiki, zinakatisha wengine. Dyneema inarefuka asilimia 3 au 4 tu kabla ya kukatika, nailoni inaenda 20 na zaidi. Ile kurefuka ndio inakula mshtuko. Na nyinyi mko ziwani, si maduka ya nyavu yamejaa nyuzi za nailoni za kusokota? Chukua hizo. Kisha usifunge fundo gumu kwa pindo, fundo linapunguza nguvu ya kamba sana, shonea kitanzi cha utepe halafu kamba ishike hapo kwa kitanzi chake. Pia jua linamaliza nailoni, usiache mzigo umeanikwa juu ya paa la gari siku nzima.

Kigali_Hewani:
Jamani huku Rwanda kampuni ya droni ya Zipline wanaangusha damu na dawa tangu 2016 na parachuti yao ni karatasi tu, ya kutumika mara moja. Mnajisumbua bure na nailoni.

Hesabu_Kwanza:
Mkuu si kwamba tunajisumbua. Wao mzigo wao ni mwepesi kuliko huu, boksi lenyewe limetengenezwa kubonyea likigonga chini, na wanaruka chini kabisa pale pa kuangushia kwa hiyo parachuti haina muda mrefu wa kubembea. Mfumo mzima umepangwa pamoja. Ukiichukua karatasi peke yake ukaifunga kwenye boksi la kilo 2.5 kutoka mita 80 sijui itakuwaje kwenye upepo wa ziwa. Ila wazo la boksi linalobonyea mimi nalikubali kabisa, chini weka makaratasi ya trei za mayai.

Mjomba_Kemikali:
Kwani lazima liangushwe? Ile droni ya kampuni za DHL na Wingcopter iliyokuwa inapeleka dawa Ukerewe 2018 ilitua wima, hakuna parachuti hakuna mshtuko. Siku hizi zipo na zinazoshusha kwa kamba.

Mzigo_Ziwani:
Ya kutua wima bei yake sasa mjomba... ya kwetu ni povu na gundi.

Hesabu_Kwanza:
Haya, turudi kwenye kubembea. Duara lenye kitambaa kisichopitisha hewa likijaa, hewa inayoingia lazima itoke, na njia pekee ni kumwagika pembeni ya pindo. Ni kama sufuria iliyojaa maji mpaka ukingoni unatembea nayo, ikimwagika kulia unajirekebisha inamwagika kushoto. Kila ikimwagika upande mmoja mwamvuli unasukumwa upande wa pili. Mfaransa Garnerin aliporuka Paris tarehe 22 Oktoba 1797 na mwamvuli usio na tundu alibembea vibaya mno, ndo wazo la tundu la utosini likaja.

Lakini sasa, watu wanaposema "ongeza tundu" wanadhani tundu ndo dawa yote. Tundu la kawaida ni kama asilimia 1 ya eneo, kwa duara lako ni kipenyo cha sentimita 18. Hilo linasaidia kitambaa kisipasuke utosini na linapunguza kubembea kidogo, haliondoi. Ili utulie kweli hewa inabidi ipite sehemu nyingi za kitambaa na siyo juu peke yake. Takwimu wanazotumia wasanifu ziko hivi: duara bapa linaweza kuyumba nyuzi (digrii) 10 mpaka 40 kila upande, msalaba nyuzi 0 mpaka 3, ya pete zenye nafasi 0 mpaka 5. Kile kizidishi cha mshtuko, duara 1.7, msalaba 1.1 mpaka 1.2, ya pete 1.05. Kwa hiyo ukitaka umbo moja linalotibu yote mawili ni msalaba au pete, unacholipa ni ukinzani, ya pete ni 0.56 mpaka 0.65 tu, kitambaa kinaongezeka.

Ya pete mimi ndo ningechagua.

Mama_Cherehani:
Ungechagua kwa sababu hushoni wewe. Ya pete ina pete kadhaa, kila pete ina vipande, kila ukingo unakunjwa na kuwekewa utepe, na kila utepe unaokwenda juu lazima ushike pete zote kwa nafasi sawasawa. Kwa cherehani ya kawaida hiyo ni kazi ya wiki na fundi atakuchukia.

Msalaba ndio mpango. Sikilizeni. Mleta mada anataka ukinzani uleule wa sasa, nimepiga hesabu kwa mgawo wa 0.7 na mikono yenye uwiano wa 3 kwa 1, inakuja urefu mita 2.22 na upana sentimita 74. Sasa vitambaa vya hema vingi vina upana wa mita moja na nusu. Unanunua mita mbili na robo, unakata katikati kwa urefu, umepata vipande viwili, hakuna kinachotupwa! Unalaza kimoja juu ya kingine, unashona ule mraba wa katikati pande zote nne, basi. Hakuna kukata pembe za duara wala vipande vya tikiti. Kamba unaweka kwenye ncha za mikono, nne kila ncha ni nzuri, mbili za pembeni na mbili kati.

Ila uangalifu wake ni huu, msalaba ukikosea urefu wa kamba hata sentimita chache, au mkono mmoja ukivutwa wakati wa kushona, unaanza kuzunguka, na ukizunguka unasokota kamba. Pimeni kamba zote mkiwa mmezivuta kwa uzito uleule, msipime zikiwa zimelegea mezani. Na mweke swiveli, zile za uvuvi za chuma zinazozunguka ili kamba zisisokotane, chagua kubwa.

Mruka_Diani:
Naunga mkono. Hata jeshi la Marekani liliacha parachuti ya askari ya T-10, ambayo ni ya mviringo na wameitumia tangu miaka ya 50, likaenda T-11 yenye umbo la msalaba, na ndani yake kuna soksi na slaida. Si umbo peke yake, ni umbo na vile inavyotoka.

Anga_za_Mbali:
Salamu kutoka Stuttgart. Hapa mmesahau kufunga pindo. Parachuti za kapsuli za anga, za Apollo zamani na sasa za Orion, zinafunguka kwa hatua, kamba inazunguka pindo ndani ya pete ndogo na kulibana, baada ya sekunde kadhaa kisu kidogo cha baruti kinaikata, mwamvuli unatanuka. Orion inafanya hivyo mara mbili kabla ya kujaa kabisa. Na hata wao kubembea kumewasumbua, kwenye majaribio ya kushuka na parachuti mbili badala ya tatu kapsuli ilionekana ikining'inia kama pendulamu. Kwenye Mars wanatumia aina yenye diski juu, pengo, halafu utepe mpana chini. Ile ya chombo cha Perseverance mwaka 2021 ilikuwa mita 21.5 na ilifunguka ikiwa juu ya kasi ya sauti. Mleta mada angejaribu hiyo, ni pengo moja tu.

Hesabu_Kwanza:
Ile ya Mars wameichagua kwa sababu inavumilia kufunguka juu ya kasi ya sauti kwenye hewa nyembamba. Kwa kutulia inayumba nyuzi 10 mpaka 15, msalaba unaishinda. Na kufunga pindo kwa visu vya baruti kwenye boksi la kilo 2.5, hapana, slaida inatosha.

Na @Mama_Cherehani nimekubali, msalaba. Kwa mshono mimi sibishani na wewe.

Chapati_Mbili:
Swali la mjinga, kwani boksi likibembea lazima iwe ni parachuti? Boksi lenyewe limefungwa kwa kamba moja au?

Mzigo_Ziwani:
Limefungwa sehemu moja, katikati ya kifuniko.

Hesabu_Kwanza:
Chapati_Mbili umetoa la maana kuliko wote. Boksi lililoshikwa nukta moja linazunguka na kutikisika lenyewe hata mwamvuli ukiwa umetulia. Toa kamba nne kwenye kona nne, zikutane juu kama nusu mita, hapo ndo uweke swiveli. Na kamba za mwamvuli zisiwe fupi kuliko kipenyo chake, kwa msalaba usishuke chini ya mita 2.2. Zikiwa fupi zinavuta ncha ndani.

Mzigo_Ziwani:
Wakuu asanteni sana. Naenda hivi: kwanza nabaki na duara hili hili, naweka soksi, nailoni badala ya Dyneema, kona nne na kuchelewesha sekunde moja, nione kupiga kunabaki kiasi gani, maana nikibadilisha vyote pamoja sitajua kilichosaidia ni kipi. Halafu nashona msalaba wa Mama_Cherehani. Nitapachika kamera chini ya droni nilete video. Kibali cha TCAA (mamlaka ya usafiri wa anga) cha kuangusha tunakifuatilia kabla hatujatoka kwenye shamba letu.

Mama_Cherehani:
Sawa. Pindo kunja mara mbili upitishe utepe ndani, sindano tumia nyembamba namba 11, nene inatoboa matundu na nailoni inachanikia hapohapo. Uzi poliesta au nailoni, wa pamba usiuguse. Na vitambaa vya mahema ya mitumba kwanza kivute kwa mikono miwili kwenye kona zilizokaa juani sana, kikitoa mlio wa kuchanika usinunue hata akikushushia bei.