Dawa ya kansa kwa mtoto wa sikoseli??

Mama K: Wakuu naombeni msaada, mwanangu wa miaka 6 ana sikoseli, leo dokta kamwandikia haidroksiurea, kuingia gugo nakuta ni dawa ya kansa ya damu, nguvu zimeniishia. Kuna anayeijua?

Babu Tanga: Pole mwanangu. Ni kweli ilianzia kwenye kansa, ila kwa sikoseli dozi ni ndogo na inaamsha himoglobini (ile inayobeba oksijeni kwenye damu) ya uchanga, ndo seli nyekundu za damu hazijikunji ovyo. Dokta Charache na wenzake Marekani waliijaribu kwa watu wazima 299, majibu ya 1995 maumivu yakapungua karibu nusu.

Chausiku: Marekani hakuna malaria babu, huku je?

Babu Tanga: Hilo hilo ndo swali la dokta Russell Ware wa Marekani na madokta wa Kilifi, Mbale, Kinshasa na Luanda, watoto 606 wakaimeza, 2019 wakatangaza maumivu yamepungua, kuongezewa damu kumepungua, na malaria nayo, wengi hatukutegemea kwakweli.

Chausiku: Haya. Mama K usiruke vipimo vya damu tu, inashushaga chembe nyeupe.

Mama K: Asanteni jamani, kesho naanza kumpa.